Ndege wadogo wa kahawia: nianze vipi kuwatambua kwa wimbo?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, nimemaliza mafunzo ya kuongoza watalii na nimeanza kupokea wageni wanaopenda ndege. Ndege wakubwa hawanisumbui. Wanaonishinda ni wale wadogo wa kahawia wenye michirizi mgongoni, wamejaa kuanzia vihambani, yaani kwenye mashamba yetu ya migomba ya nyumbani, hadi kwenye mashamba ya mpunga kule chini. Kitabuni wote wanafanana, na programu ya simu leo inanipa jina hili, kesho jingine. Wenzangu wanasema dawa ni sauti, lakini asubuhi nikisikiliza nasikia makelele matupu. Nianzie wapi? Na je, ni sawa kumpigia ndege wimbo wake kwenye spika ili atoke mgeni amwone?

Jibu: Marahaba mwanangu. Wenzako wamekwambia kweli. Kwa ndege hao, sauti ndiyo njia yenyewe, na manyoya yanakuja baadaye kuthibitisha. Wengi wa unaowataja ni sistikola, kundi lenye spishi takriban 50, karibu zote za Afrika. Wanaishi kwenye nyasi na vichaka, na rangi ya nyasi kavu ndiyo kinga yao dhidi ya mwewe na nyoka. Kwa kuwa wamevaa sare moja, wao wenyewe hawategemei sare kutambuana. Dume anaimba ili jike wa spishi yake amjue na dume mwenzake asisogee. Kwa hiyo unapojifunza wimbo, unajifunza alama ileile wanayoitumia wenyewe.

Makelele unayoyasikia asubuhi yatapungua sana ukitenga wimbo na mlio. Mlio ni mfupi: "tsk", "chee", onyo kwamba paka anapita, au ndege wawili wanaitana wasipotezane. Milio ya spishi mbalimbali hufanana mno, hata mtaalamu hutatizika nayo. Wimbo una mpangilio, unarudiwa tena na tena kutoka sehemu ileile, na mara nyingi mwimbaji amekaa mahali pa wazi. Kwa sasa achana na milio kabisa. Tafuta anayerudia.

Wakati nao una maana. Sistikola huimba zaidi wanapozaliana, na huku kwetu hilo hufuata mvua. Masika yakianza Machi, na tena wakati wa vuli, saa ya kwanza baada ya mapambazuko inakupa nafasi ya kujifunza ambayo hutaipata Agosti. Mtu akianza mafunzo haya kiangazi anajionea kazi ngumu bure.

Sasa nianzie wapi, umeuliza. Anza na ndege mmoja. Usipakue rekodi 40 ukazisikiliza kitandani. Zitachanganyikana kichwani na utakata tamaa. Chagua ndege aliye wa kawaida, anayeimba sana, asiyejificha, umjue mpaka umchoke. Kwa mtu wa Moshi au Arusha ndege huyo ni Cisticola chiniana. Shuka kwenye migunga, upande wa Kahe au kuelekea uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Ukiwa Arusha, nenda Kisongo au barabara ya Oldonyo Sambu. Utamwona juu kabisa ya kichaka cha miiba, kifua mbele, mdomo wazi. Ukiwa na darubini mtazame ndani ya mdomo anapoimba: dume wa msimu wa kuzaliana ana kinywa cheusi. Halafu sikiliza: "chi, chi, chi, trrrrrr."

Mpe nusu saa dume huyohuyo mmoja. Utagundua kwamba haimbi kitu kilekile kila mara. Pengine anatanguliza noti mbili, pengine nne. Pengine noti za mwanzo ni nyembamba, pengine zina mikwaruzo. Mwisho wake nao unapanda au unashuka. Hapo ndipo wanafunzi wengi huchanganyikiwa, wakadhani wamepata ndege mwingine. Kinachobaki palepale ni muundo: kwanza noti chache kali zilizotengana, ambazo unaweza kuzihesabu, kisha mkerezo, yaani sauti ya kutetemeka ya haraka usiyoweza kuihesabu. Sehemu mbili, kwa utaratibu huo. Ukikariri sauti utashindwa ndege akibadilisha kidogo tu, lakini ukikariri muundo utamjua hata akiwa na dume jirani anayeimba kwa namna yake.

Kwa sababu hiyo napenda wanafunzi wangu wachore. Chukua daftari na penseli. Noti fupi weka nukta, filimbi ndefu weka mstari, mkerezo weka mawimbi yaliyobanana. Sauti nyembamba ichore juu, nzito ichore chini. Wimbo wa chiniana utakuwa nukta tatu kubwa zenye nafasi, kisha mawimbi. Ukishachora nyimbo kadhaa utaanza kusikia kwa umakini ambao hukuwa nao, kwa sababu mkono unakulazimisha kujibu maswali: ni ngapi? zinapanda au zinashuka? zina nafasi au zimeshikana? mwisho unakatika ghafla au unafifia?

Wataalamu wa maabara wanafanya hivyohivyo kwa mashine. Mapema miaka ya 1950, huko Cambridge, W. H. Thorpe alianza kutumia chombo kinachogeuza sauti kuwa picha ili kuchunguza namna ndege wachanga wanavyojifunza kuimba. Picha hiyo, sonogramu, leo unaipata bure kwenye simu. Muda unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia, na wembamba wa sauti unapanda kwenda juu. Filimbi safi inatokea kama uzi mmoja, mkerezo unatokea kama mistari mingi iliyosimama karibukaribu. Linganisha picha ya simu na mchoro wako wa penseli, utaona umekosea wapi bila kuhitaji mwalimu.

Ukishammudu chiniana, wengine wanakuwa rahisi, kwa sababu kila mmoja utamjifunza kwa namna anavyotofautiana naye. Na hapa nakuomba uzingatie sana mahali uliposimama. Kabla ya kusikiliza, tazama chini ya miguu yako. Sistikola ni wachaguzi wa makazi, na mlima wenu umewapanga vizuri mno kwa ajili ya mwanafunzi.

Kule Mabogini na Chekereni, kwenye mpunga, mifereji na matete, yupo Cisticola marginatus. Vitabu vya zamani vinamweka chini ya jina Cisticola galactotes, usishangae. Huyu hana utangulizi. Anaanza moja kwa moja na mkerezo mkavu, "trrrrrrrrr", mrefu, unaopanda kidogo, kisha kimya, kisha tena. Kwa hiyo swali lako la kwanza ukisikia mkerezo ni hili: kulikuwa na noti za kuhesabika kabla yake? Kama zilikuwepo na umesimama kwenye migunga, ni chiniana. Kama hazikuwepo na viatu vyako vimelowa, ni huyu.

Ukienda pembeni ya mpunga, kwenye nyasi za wazi au shamba lililolala, tazama juu. Cisticola juncidis anaimba akiruka. Anapanda na kushuka angani kwa mawimbi, na kila wimbi linabeba noti moja: "dzit... dzit... dzit..." Noti yenyewe haina utajiri wowote, lakini huhitaji zaidi ya hapo, maana hakuna jirani yake wa kawaida mwenye utaratibu huo wa noti moja kwa kila wimbi. Huyu anapatikana pia kusini mwa Ulaya na Asia, kwa hiyo mgeni wako anaweza kuwa anamfahamu kutoka kwao na akafurahi kumkuta hapa.

Panda sasa nyumbani kwenu. Kwenye kingo za kihamba, pale magugu yanapozidi urefu wa mtu kandokando ya mfereji, anaishi Cisticola cantans. Huyu anapenda kuimba akiwa ndani, hajitokezi juu kama chiniana. Wimbo wake ni wa noti mbilimbili zenye nguvu, zilizokatwa kwa ukali, kitu kama "wi-chu, wi-chu", akichanganya na noti nyingine za haraka. Msikilize akiwa karibu na migomba na hutampoteza, maana chiniana hapandi kuishi huko kwenye unyevu.

Juu zaidi, kingo za msitu na vichaka vilivyo juu yake, utamkuta ninayempenda kuliko wote, Cisticola hunteri. Ni ndege wa milima ya Afrika Mashariki. Yupo Kilimanjaro, yupo Meru, yupo nyanda za juu za Ngorongoro. Haimbi peke yake. Wawili, wakati mwingine watatu au zaidi, wanapanda juu ya kichaka kimoja, wanakaribiana, wanainua vichwa na kuanza pamoja. Mmoja anatoa noti, mwenzake anaijibu katika nafasi iliyobaki, kwa kasi ambayo sikio la binadamu halioni mshono. Ukiwa mbali utaapa ni ndege mmoja mwenye sauti kubwa ajabu. Njia ya kuhakikisha ni kusogea upande: ukibadilisha pembe, sauti inagawanyika, nusu inatoka kushoto na nusu kulia. Mwonyeshe mgeni jambo hilo mara moja tu, utaona namna atakavyosahau kuuliza habari za simba.

Kabla ya kuondoka kwenye vichaka, kuna wawili wasio sistikola lakini watakusumbua. Prinia subflava ni mwembamba, mkia mrefu anaousimamisha, na anarudia noti moja kavu, "pzi pzi pzi pzi", bila kupumzika wala kubadilisha. Camaroptera brevicaudata anajificha chini kabisa na kulia kama mwanambuzi aliyepotezana na mama yake. Ukimsikia huyo mara moja hutahitaji kufundishwa tena.

Sasa kuhusu programu yako ya simu. Inakosea, lakini si kwa sababu ni mbovu. Kuna sababu nne, na ukizijua itakusaidia badala ya kukuyumbisha.

Kwanza, ndege waimbaji hujifunza nyimbo zao kutoka kwa wakubwa wao, kama watoto wanavyopokea lafudhi, ndiyo maana nyimbo za spishi moja hutofautiana kutoka nchi hadi nchi. Programu iliyofundishwa zaidi kwa rekodi za Afrika Kusini inaweza kuyumba ikimsikia ndege wa Sanya Juu. Tovuti ya xeno-canto, iliyoanzishwa mwaka 2005, ina rekodi ambazo watu wamezitoa bure kutoka duniani kote, na inakuonyesha kila rekodi ilichukuliwa wapi. Anza na za Tanzania na Kenya, ndipo uende mbali. Pili, upepo na maji ya mfereji vinafuta noti za mwanzo, na umeshaona jinsi noti za mwanzo zilivyo muhimu kwa chiniana. Sogea karibu, geuka uukinge upepo kwa mwili wako, usishike simu kwa kuitikisa. Tatu, programu haijui kama umesimama kwenye matete au kwenye migomba. Wewe unajua. Ikikuletea jina la ndege wa mafunjo wakati uko msituni, likatae bila kusita.

Sababu ya nne ni ndege wanaoiga, na hao mnao nyumbani. Bila shaka umewaona bustanini wale wenye tumbo la rangi ya chungwa, kichwa cheusi na mstari mweupe juu ya jicho. Wengi wanadhani ni ndege mmoja. Wapo wawili, Cossypha heuglini na Cossypha semirufa, na kwenye miji yetu hii miwili, Moshi na Arusha, wote wanaweza kuingia bustani moja. Ukipata bahati ya kuuona mkia vizuri, manyoya ya katikati ya semirufa ni meusi na ya heuglini ni ya kahawia. Lakini wao huimba alfajiri na magharibi wakati hakuna mwanga wa kuona mkia wa mtu.

Heuglini anachukua kirai kimoja na kukirudia: mara ya kwanza kwa upole kiasi cha kudhani yuko mbali, mara ya pili kwa nguvu, ya tatu kwa nguvu zaidi, mpaka bustani nzima inajaa. Mara nyingi jike anaingiza noti yake nyembamba katikati. Ukisikia kitu kinachokua hivyo bila mwimbaji kusogea, umempata. Semirufa hana mpando huo. Anaimba filimbi tamu, na katikati yake anachomeka sauti za ndege wengine wa jirani, moja baada ya nyingine. Simu ikisikia hapo inaandika majina matano, na kila jina kwa namna yake ni sahihi, isipokuwa hakuna hata mmoja wa hao watano aliyepo. Dalili ya mwigaji ni hii: sauti zote zinatoka kwenye tawi moja, kwa kiwango kimoja cha nguvu, na kati ya nyimbo za kuazima zinarudi noti zilezile zake mwenyewe. Tega sikio kwa hizo noti za kurudi. Hizo ndizo zake.

Kuiga huko wakati mwingine ndiko kitambulisho chenyewe. Fumbwe mweusi, Vidua chalybeata, anataga kwenye kiota cha wale ndege wadogo wekundu wanaodokoa punje uani, Lagonosticta senegala. Kinda dume anakua akimsikia baba mlezi, anaushika wimbo wake, na akikomaa anauimba ndani ya wimbo wake mwenyewe. Wapo mafumbwe wa aina nyingine, weusi vilevile, wanaolelewa na wenyeji tofauti na kuimba nyimbo za wenyeji hao. Manyoya yanakaribia kuwa mamoja, ila wimbo unakwambia kila mmoja alilelewa nyumba gani.

Usione haya kwamba macho yamekushinda. Gilbert White, padri wa kijiji cha Selborne huko Uingereza, aliandika mwaka 1768 kwamba ndege wadogo wa kijanikibichi waliokuwa wakihesabiwa aina moja ni aina tatu, na alianza kwa kusikia nyimbo tatu tofauti zisizobadilika. Mmoja wa hao watatu, Phylloscopus trochilus, tunaye hapa kuanzia Oktoba hadi Aprili, na kabla ya kuondoka utamsikia akiimba mitini: anaanza taratibu, kisha noti zinateremka kwa upole mpaka zinaisha. Na hapa kwetu Tanzania, kwenye bonde la Kilombero, kuna sistikola wawili waliojulikana na watazamaji wa ndege tangu miaka ya 1980 lakini wakapewa majina rasmi ya kisayansi mwaka 2021 tu. Ndege hao walikuwa kwenye nyasi zetu siku zote. Nalitaja hilo kwa sababu nataka vijana wa hapa wenye masikio mazuri wawe na rekodi zao, zenye tarehe na mahali, badala ya kungoja mgeni aje awasikilizie.

Jambo moja la mwisho la kujifunza, na litakufaa ukiwapeleka wageni tambarare za kaskazini ya Arusha. Wapo vipozamataza wawili wanaofanana, wote wa kahawia, wote wa nchi kavu. Mirafra africana anakaa juu ya kichuguu au nguzo ya ua na kupiga filimbi fupi tamu, akirudia baada ya kituo. Mirafra rufocinnamomea anapanda juu sana, na unachosikia kutoka huko ni mabawa yake, anayapiga kwa mafungu, "prrr... prrr-prrr". Kwa hiyo unaposema sauti, hesabu na mabawa.

Umeuliza kuhusu spika. Mimi siipendi, na nitakueleza kwa nini. Dume akisikia wimbo wa spishi yake ndani ya eneo lake anaamini mshindani ameingia. Anaacha kula, anaacha kulisha makinda, anakuja kupigana na mtu asiyeonekana. Kwa dakika moja atarudi kazini. Lakini bustani ya hoteli inayopokea waongozaji watano kwa siku, kila mmoja na spika yake, inamweka vitani kutwa nzima katika wiki zilezile anazohitaji nguvu. Ndani ya hifadhi uliza kwanza taratibu zao. Nje ya hifadhi, kama mgeni ametoka mbali na ndege haonekani kabisa, piga mara moja au mbili kwa sauti ya chini, usizidi hapo, na usifanye hivyo karibu na kiota wala kwa ndege adimu. Akijibu, zima mara moja, kwa sababu sasa unajua alipo na kazi iliyobaki ni ya darubini. Asipojibu, zima vilevile, mwongoze mgeni mkae chini mita chache kutoka kichakani na mnyamaze. Sistikola dume wa msimu wa mvua hawezi kukaa kimya muda mrefu.